Presi kuukuu: Bei yake ni nafuu, lakini ilikuwa ikifanya kazi gani?

KATIKA kurasa za matangazo ya magazeti, baina ya mashamba yanayopigwa mnada na magari yaliyotwaliwa na benki, huchomoza mara kwa mara tangazo fupi la mitambo ya kiwanda. Kiwanda kimefungwa au kimehamia nchi nyingine, na dalali anauza kila kilichosalia: jenereta, mizani, meza za ofisini na, chini kabisa, presi mbili au tatu za chuma ambazo mnunuzi atazichukua jinsi zilivyo na pale zilipo.

Mwenye karakana ya Kariobangi au Kamukunji akisoma tangazo kama hilo, moyo humdunda. Presi mpya ya nguvu hiyo itamgharimu pesa ambazo benki haitamkopesha bila hatimiliki ya shamba. Hii kuukuu inauzwa kwa bei isiyopita sana ile ya vyuma chakavu. Mbona asiinunue?

Mara nyingine inafaa ainunue. Karakana nyingi nchini zimejengwa kwa mitambo iliyokwisha kutumiwa na wengine, na hakuna aibu katika hilo. Lakini presi si kama mashine ya kutoboa au ya kukereza chuma, ambayo kila asubuhi waweza kuifunza kazi mpya. Presi iliyoundwa kwa kazi maalumu inajua kazi moja tu, na asiyeijua kazi hiyo hujikuta amenunua tani kadhaa za chuma kizuri kisicho na faida. Tena presi, kinyume cha mashine nyingi, huweza kuondoka na vidole vya mtu katika muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho.

Tukubaliane kwanza juu ya neno. Sisi wa magazeti tukisikia "presi" hufikiria mtambo wa kupiga chapa. Huo tuuweke kando leo. Hapa tunazungumzia mashine yoyote inayotumia nguvu kubwa kukandamiza kitu ili kukikata, kukikunja, kukivuta kiwe chungu, kukifinyanga kiwe tofali, kukikamua mafuta au kukifunga robota. Kamusi zinatupa neno "shinikizo", nalo ni neno zuri, ila ukienda Gikomba kuulizia shinikizo utadhaniwa unataka habari za wanasiasa. Tutatumia neno la mafundi.

Presi ni za jamii tatu. Ya kwanza ina gurudumu zito, ambalo mafundi huliita flaiwili. Mota hulizungusha gurudumu hilo likajaa nguvu, kisha klachi huliunganisha na mtaimbo wa krenki, na nyundo ya presi hushuka kwa kishindo. Ya pili ni ya haidroliki, ambayo pampu husukuma mafuta ndani ya silinda yakaisukuma pistoni. Mwingereza Joseph Bramah aliipatia hataza mwaka 1795, na kanuni yake haijabadilika tangu hapo. Ya tatu ni ya parafujo, kama zile za kukamulia mbegu za mafuta, ambamo parafujo kubwa huzunguka ndani ya kichungi cha chuma na kuzibana mbegu hadi zitoe kilichomo.

Katika kila jamii mna presi za kawaida na presi za kazi maalumu. Ya kawaida hubadilishwa kalibu, yaani ule umbo wa chuma wa juu na wa chini unaokikata au kukifinyanga kifaa, na leo ikakata washa, kesho bawaba. Ya kazi maalumu imesanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya bidhaa moja: kuna inayokata na kukunja vizibo vya chupa za soda, kuna inayokigonga kidonge cha zinki kikageuka kikopo cha betri, kuna ya vidonge vya dawa, ya matofali ya udongo uliochanganywa na saruji, ya marobota ya pamba au katani. Urefu wa pigo lake, kasi yake, ukubwa wa kitanda chake na hata urefu wa mhudumu aliyekusudiwa kuisimamia, vyote vilipangwa kwa bidhaa hiyo.

Ndiyo sababu ni rahisi. Kiwanda kinapofungwa, na tumeviona vikifungwa (mwaka 2014 pekee Eveready ilitangaza kufunga kiwanda chake cha betri mjini Nakuru na Cadbury kile cha Nairobi), swali la wafanyakazi hutangulia, ndivyo ipasavyo. La mitambo huja baadaye. Wanaoweza kuitumia presi ya kazi moja ni wachache, na mara nyingi wao wenyewe wanayo yao. Kwa hiyo bei huporomoka, wala si kwa kuwa presi ni mbovu.

Mnunuzi afanye nini? Kabla ya kuuliza bei, aulize ilikuwa ikifanya kazi gani, kisha aone bidhaa yenyewe. Si picha ya bidhaa. Aombe kipande kimoja kilichotoka kwenye presi ile. Kipande kina habari zote. Kingo zake zikiwa na miba ya chuma upande mmoja na laini upande wa pili, kalibu imepinda au nyundo haishuki wima. Kikiwa na mikunjo ukingoni, kishikio cha bamba kimelegea. Muuzaji asiye na hata kipande kimoja aidha hajui anachouza au anajua mno.

Swali la pili ni kama kalibu zinauzwa pamoja na presi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kalibu za presi maalumu hutengenezwa kwa chuma kigumu cha pekee, hukatwa kwa vipimo vya sehemu ya milimita na kutiwa moto ili zikomae, nazo zaweza kugharimu zaidi ya presi kuukuu yenyewe. Mwenye kiwanda anayehamia nchi nyingine aghalabu huchukua kalibu na kuacha presi, kwa kuwa kalibu ndiyo bidhaa yake. Mnadani utaona mashine imesimama, imepakwa rangi na inang'aa, lakini kinywa chake ni kitupu.

Chukua mfano wa sufuria. Mtu anataka kutoka katika kazi ya nyundo na kuanza kuvuta sufuria za alumini kwa presi. Anauziwa presi ya tani nyingi iliyokuwa ikikata bamba katika kiwanda cha mabati. Tani anazo, ila pigo la presi ile ni la sentimita 5 tu, maana kukata hakuhitaji zaidi. Sufuria yenye kina cha sentimita 15 inahitaji pigo linalozidi mara mbili ya kina hicho, ili nyundo iishushe alumini hadi chini, kisha ipande na kuacha nafasi ya kuitoa sufuria. Inahitaji pia kishikio cha kulibana bamba pembeni lisifanye makunyanzi linapovutwa. Presi ya kukata haina vyote viwili, na haifundishiki.

Au mfano wa mafuta, ambao katika miaka hii umewavuta wengi. Wakulima wa Murang'a na kwingineko wamepanda parachichi, na mtu anaona mashine kuukuu ya parafujo iliyokuwa ikikamua alizeti ikiuzwa. Mafuta ni mafuta, anajiambia. Lakini parafujo ile iliundwa kubana mbegu kavu na ngumu, ambazo ukakasi wake ndio unaoiwezesha kushika na kusukuma. Nyama ya parachichi ni uji. Huteleza, hujaza kichungi na kutokea upande wa pili ikiwa na mafuta yake yote. Mafuta ya parachichi yasiyopikwa hupatikana kwa njia nyingine kabisa: nyama husagwa, hukorogwa polepole kwa joto la wastani, kisha mafuta hutenganishwa na maji kwa mashine izungukayo kwa kasi kubwa. Hakuna marekebisho ya fundi wa kuchomelea yatakayoigeuza mashine ya alizeti kuwa hiyo. Kwa nazi kavu, alizeti au karanga, parafujo ni sawa, mradi imepimwa kama tutakavyoona.

Sasa tuje kwenye tani, neno ambalo wauzaji hulitaja kwanza na kulieleza mwisho. Nguvu ya kukata bamba hupatikana kwa kuzidisha urefu wa ukingo unaokatwa, unene wa bamba na ukinzani wa chuma chenyewe. Ukitaka kukata duara yenye kipenyo cha milimita 100 katika bamba laini la chuma lenye unene wa milimita 2, ukingo ni kama milimita 314. Zidisha kwa 2, kisha kwa 350, ambayo ni nyutoni zinazohitajika kwa kila milimita mraba ya chuma cha aina hiyo. Utapata nyutoni 220,000 hivi, yaani tani 22 na kitu. Ongeza thuluthi moja kwa ajili ya kalibu iliyopoteza makali, nawe wahitaji presi ya tani 30. Hesabu hii haichukui dakika tano, na mtu asiende mnadani bila kuifanya.

Lakini tani zilizoandikwa kwenye kibati cha presi ya gurudumu hupatikana milimita chache tu kabla ya mwisho wa pigo. Nyundo ikiwa ingali juu, nguvu salama ni ndogo zaidi. Presi ya tani 60 iliyokatiza mabamba vizuri kwa miaka 20 yaweza kuvunjika krenki ikilazimishwa kuvuta chombo chenye kina kirefu. Na kwa presi ya haidroliki, tani si neno la muuzaji bali ni hesabu ya pistoni na mafuta: pistoni yenye kipenyo cha sentimita 20, ikisukumwa kwa mgandamizo wa baa 200, hutoa tani 64 hivi. Anayekuuzia mashine yenye vipimo hivyo na kuiita ya tani 100 mwambie akuonyeshe geji.

Nimefika mahali ambapo nataka kukaa zaidi, nako ni kwenye klachi ya presi ya gurudumu.

Kuna klachi za aina mbili. Moja ni ya ufunguo au pini. Mhudumu akikanyaga pedali, kipande cha chuma huchomoza na kuingia katika tundu la gurudumu, na tangu hapo krenki imefungwa na gurudumu mpaka imalize mzunguko mzima. Hakuna breki, swichi wala kelele ya mwenzako itakayoizuia katikati. Ukiona mkono umesalia ndani baada ya kukanyaga, umeona kitu usichoweza kukibadilisha. Aina ya pili ni ya msuguano, ambayo hushikwa na kuachiliwa kwa hewa ya kompresa au kwa mafuta, na huweza kuachilia wakati wowote huku breki ikiisimamisha nyundo mahali ilipo.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kama presi yaweza kulindwa kwa vifaa vya kisasa. Pazia la miale ya mwanga, lile ambalo mkono ukilikatiza mashine husimama, halina maana yoyote kwa presi ya klachi ya pini, kwa kuwa mashine haina uwezo wa kusimama. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinakataza kabisa kulitumia kwa presi za aina hiyo. Uingereza iliweka kanuni mahsusi za presi mwaka 1965, zilizodai ukaguzi wa mtu mwenye ujuzi katika kila zamu, na masharti hayo yakaendelezwa katika kanuni mpya za mwaka 1998. Nchi hizo hazikufanya hivyo kwa kupenda makaratasi. Zilikuwa zimechoka kuhesabu vidole.

Matokeo yake ni kwamba presi ya klachi ya pini ambayo imekuwa mzigo kwa mwenyewe huko Ulaya huuzwa kwa bei ya kutupa, na hatima yake aghalabu ni nchi kama yetu. Haina maana kwamba haiwezi kutumika. Inaweza, ikiwa imezungushiwa ngao ya chuma isiyoondoleka, yenye mwanya wa kupitisha bamba tu na usiopitisha kidole, au lango linalojifunga kabla klachi haijashika na lisilofunguka hadi nyundo ipande tena. Ikiwa kazi yako inadai mhudumu aweke kipande kwa mkono na kukitoa kwa mkono, mara mia kadhaa kwa siku, na huna lango kama hilo, basi usiinunue presi hiyo hata ukipewa bure.

Kuna ugonjwa mmoja wa klachi ya pini ambao kila mnunuzi anapaswa kuujua, nao ni kurudia pigo. Pini ikilika, au springi inayoirudisha ikichoka, nyundo hushuka mara moja kama ilivyoamriwa, hupanda, kisha hushuka tena bila kuamriwa, wakati ambapo mhudumu tayari ameingiza mkono kuchukua kifaa. Unapoikagua, iwashe na uikanyage pedali mara hamsini bila kalibu na bila bamba, ukisimama mbali na kutumia mti mrefu. Nyundo isimame juu kabisa kila mara. Ikisimama ikiwa imepitiliza kidogo upande wa kushuka, breki imelika. Ikirudia hata mara moja katika hamsini, umeona ya kutosha.

Kwa klachi ya msuguano pima muda wa kusimama. Kanuni hizo za Marekani huchukulia kwamba mkono wa mtu husogea mita 1.6 kwa sekunde. Presi inayohitaji robo ya sekunde kusimama inatosha kumpa mtu nafasi ya kuingiza mkono sentimita 40. Kwa hiyo pazia la mwanga au vibonye viwili vya mikono viwekwe mbali kuliko umbali huo. Ukiona vibonye hivyo viwili, ambavyo hulazimisha mikono yote iwe nje ndipo nyundo ishuke, tazama kama kimoja kimefungwa kwa waya au kubanwa kwa kipande cha mti. Ni ishara ya namna mashine ilivyotunzwa katika mambo mengine pia. Tazama vilevile nyuzi za breki na klachi: katika mashine za kale zilikuwa za asbesto, na anayezipuliza vumbi kwa hewa ya kompresa huwasambazia maradhi ya mapafu wote waliomo karakanani.

Sheria yetu haijanyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi kuzikinga sehemu za hatari za mashine, na haiulizi kama mashine ilinunuliwa mpya au kuukuu. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huohuo, hukadiria fidia ya ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Tuseme mfanyakazi hulipwa Sh20,000 kwa mwezi. Msingi huo ni Sh1,920,000. Akikadiriwa ulemavu wa asilimia 10, hizo ni Sh192,000, mbali na siku za hospitali. Zilinganishe na akiba uliyodhani umeipata mnadani. Nayo ni hesabu ya tajiri tu. Kijana aliyekuja mjini na mikono miwili ana hesabu yake ambayo hakuna jedwali linaloijaza.

Baada ya klachi, mwili wa presi. Rangi mpya juu ya chuma kikuukuu inapaswa kumtia mtu wasiwasi badala ya kumfurahisha. Fremu nyingi za presi zina umbo la herufi C, na nguvu zote za pigo hujaribu kuupanua mdomo wa C hiyo. Nyufa huanzia kwenye kona ya ndani, nyuma ya kitanda. Safisha mahali hapo kwa mafuta ya taa, kausha, paka chaki, kisha ungoje. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatachora mstari juu ya chaki. Ukiona alama za kuchomelea kwenye fremu ya chuma cha kusubu, jua kwamba ilikwisha kupasuka, na chuma cha namna hiyo hakichomelewi kikarudia nguvu yake kwa urahisi. Halafu weka jeki ndogo chini ya nyundo na uinyanyue polepole huku umeweka geji yenye mshale: kiasi itakachopanda kabla ya krenki kusogea ndicho kiasi ambacho bushi na beringi zimelika.

Haidroliki ina vipimo vyake, na si vingi. Ipandishe mgandamizo wa kazi, zima mota, na utazame mshale wa geji kwa dakika kumi. Ukishuka haraka, sili au vali zimechakaa. Hizo hubadilishwa, ila ukingo wa silinda uliokwaruzika haubadilishwi kwa bei ndogo. Pitisha kucha juu ya ufito wa pistoni. Kucha ikikwama, sili mpya hazitadumu. Nusa mafuta: yakinuka kuungua, pampu imekuwa ikifanya kazi ikiwa na joto kali.

Na parafujo za kukamulia mafuta hulika kimyakimya. Meno ya parafujo na vipande vya kichungi husuguliwa na maganda ya mbegu kila saa ya kazi, na nafasi baina yao ikipanuka mafuta hubaki ndani ya mashudu. Usikubali kuonyeshwa mashine ikizunguka mitupu. Beba gunia la alizeti yako mwenyewe, likamuliwe mbele yako, upime mafuta na uyakamate mashudu kiganjani. Yakikuachia mkono unaong'aa, unaacha pesa zako katika chakula cha ng'ombe.

Walio na uwezo wa kuagiza kutoka ng'ambo wana jambo jingine la kuangalia, nalo ni umeme. Sisi tunatumia umeme wa fezi tatu wa volti 415 unaopigapiga mara 50 kwa sekunde. Viwanda vya Marekani hutumia zaidi volti 480 na mara 60. Japani ina yote mawili, mara 50 upande wa Tokyo na mara 60 upande wa Osaka, tena kwa volti 200. Volti hurekebishwa kwa transfoma. Mapigo ni jambo jingine: mota ya 60 ikiletwa kwenye 50 huzunguka kwa kasi ya tano kwa sita ya ile iliyokusudiwa. Mtu atasema kupungua huko ni kidogo. Lakini nguvu iliyomo katika gurudumu hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe, hivyo takriban asilimia 31 ya nguvu ya kila pigo imepotea. Presi iliyokata bila shida huko ilikotoka hukwama katikati ya bamba hapa, na mnunuzi humlaumu wakala wa meli. Dawa ni kubadilisha ukubwa wa puli, jambo dogo likijulikana mapema.

Kuhusu forodha sitasema mengi, kwa kuwa ada hubadilika na takriban kila Sheria ya Fedha. Muulize wakala kabla ya kulipa, si baada ya meli kutia nanga Kilindini. Uliza pia kuhusu ukaguzi wa Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, ambao tangu mwaka 2005 umekuwa ukifanywa katika nchi bidhaa zinakotoka.

Anayenunua humuhumu nchini ana karatasi nyingine ya kutafuta. Mtambo ulio mbele yako waweza kuwa rehani ya benki. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Haki za Dhamana za Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, kuna sajili ambamo wakopeshaji huandikisha madai yao juu ya mashine, mifugo na hata mazao, na yeyote anaweza kuipekua. Pekua kwa jina la kampuni inayouza. Pesa za upekuzi ni kidogo kuliko za wakili utakayemhitaji benki ikija na kreni kuchukua mali yake uani kwako.

Na ujue maana ya kununua kitu kilivyo na kilipo. Sheria ya mauzo ya bidhaa humlinda mnunuzi kwa kiasi fulani, lakini kasoro ambazo ukaguzi wako ungezifichua hazimrudii muuzaji ikiwa ulikagua, sembuse ulipotia saini kwamba unaikubali hali yake. Kwa hiyo gharama za kumpeleka fundi na geji yake ziwe sehemu ya bei. Ongeza kreni, lori la kitanda kirefu na msingi wa zege, maana presi ya tani nyingi ikiwekwa juu ya sakafu ya kawaida huipasua na kuwakosesha majirani usingizi. Katika mapatano ya faragha, jaribu kubakiza sehemu ya malipo hadi mashine ifanye kazi kwako. Dalali wa mnada hatakubali. Mwenye kiwanda anayetaka nafasi yake iwe wazi kufikia mwisho wa mwezi huenda akakubali.

Omba kitabu cha maelekezo na michoro ya nyaya hata kama vimeandikwa Kijerumani au Kichina. Omba vipuri vilivyosahaulika katika kabati la fundi mkuu. Halafu uliza nani alikuwa akiihudumia presi ile. Ikiwa imetoka katika kiwanda cha humu nchini, mtu huyo huenda yuko mtaa wa pili, hana kazi, na anajua siku gani krenki ilibadilishwa, pini gani hukwama asubuhi za baridi na kwa nini ngao ya kushoto iliondolewa. Mlipe posho na nauli aje akae na vijana wako juma moja, kabla mmoja wao hajakanyaga pedali peke yake.